Pai ya pekani ya Kusini mwa Marekani, hatua kwa hatua

Wengi wanaoijaribu pai hii kwa mara ya kwanza huhangaika na pekani, kokwa za ukoo wa jozi (walnati), kumbe pekani ndiyo isiyo na shida. Chini yake kuna mayai yanayoganda polepole ndani ya shira nzito, ndugu wa kastadi kabisa, na chini ya hayo kuna ganda la unga ambalo lisipookwa mapema hubaki bichi mpaka mwisho. Pai huharibikia kwenye ganda, au katika dakika kumi za mwisho ndani ya oveni. Ndiyo maana sehemu hizo mbili zimepewa maelezo marefu kuliko nyingine.

Katika majimbo ya Kusini, kuanzia Texas hadi Georgia, huokwa hasa Novemba, pekani mpya zinapokuwa sokoni, na ni nadra kuikosa kwenye meza ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, Alhamisi ya nne ya mwezi huo. (Jina lenyewe lina ubishi wake: kuna wanaotamka "píkeni" na kuna wanaotamka "pikáani", na kila upande humcheka mwenzake.) Vipimo vifuatavyo ni vya sahani ya pai yenye kipenyo cha sentimita 23 na kina cha sentimita 4 hivi. Utapata vipande 8 hadi 10. Usivikate vikubwa, utamu wake ni mwingi. Anza jana yake, maana pai hii haikai sawasawa mpaka ipoe kwa saa nyingi.

Vya ganda:
- unga wa ngano wa kawaida, gramu 175 (usitumie ule unaouzwa ukiwa tayari una beking pauda)
- siagi baridi, gramu 115
- chumvi, nusu kijiko cha chai. Kama siagi ina chumvi, robo
- sukari, kijiko 1 cha chai
- maji ya barafu, mililita 45 hadi 60

Vya rojo la ndani:
- pekani zilizobanguliwa, gramu 200
- mayai makubwa 3, yaani gramu 150 bila maganda
- shira ya mahindi, mililita 240 (gramu 330)
- sukari ya kahawia laini, gramu 200
- siagi, gramu 60
- vanila, vijiko 2 vya chai
- chumvi, nusu kijiko cha chai
- wiski ya bourbon, kijiko 1 cha mezani, kwa anayetaka. Ukiiacha, huna haja ya kuweka kitu kingine mahali pake

Kama una mayai ya kienyeji, yapime kwenye mizani. Mara nyingi ni madogo na utahitaji 4 kufikisha gramu 150. Yai likipungua rojo haligandi, na chumvi usiiruke kwa sababu ndiyo inayofanya pai iwe na ladha nyingine zaidi ya sukari.

Pekani

Onja kabla hujapima. Takriban asilimia 70 ya uzito wa pekani ni mafuta, na mafuta hayo huchacha haraka kwenye joto. Pekani iliyochacha hunuka kama rangi ya kupakia ukuta na huacha ukali kooni, na hakuna sukari itakayouficha. Zikifika nyumbani zitie kwenye mfuko usiopitisha hewa, uziweke friza.

Aliyeko Texas au Georgia anaweza kununua zenye maganda kuanzia Oktoba. Kilo moja yenye maganda hutoa nusu kilo hivi, wakati mwingine pungufu. Baada ya kubangua, toa kile kitando cha kahawia kilichobana kwenye mifereji ya pekani, hata ikibidi kwa kijiti cha meno, kwani kipande kidogo tu kinatosha kuleta uchungu. Maganda membamba yanayofanya kazi hii iwezekane kwa mkono yametokana na kubebesha miti, yaani kuunganisha kikonyo cha mti bora kwenye shina la mti mwingine. Mmoja wa waliofungua njia hiyo ni Antoine, mtunza bustani aliyekuwa mtumwa katika shamba la Oak Alley, Louisiana, aliyefanikiwa kubebesha pekani miaka ya 1840. Aina yake ilikuja kuitwa Centennial baada ya kuoneshwa kwenye maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876.

Afrika Mashariki pekani huwa adimu na ghali. Ukizikuta zimetoka Afrika Kusini usishangae, huko hulimwa kwa wingi. Mbadala wa karibu zaidi ni jozi, zile watu wengi huziita walnati, kwa kuwa ni za ukoo mmoja, ila zina uchungu kidogo zaidi. Korosho na makadamia hutoa pai nzuri pia kwa vipimo hivi hivi. Itakuwa pai ya korosho, na iitwe hivyo. Mwambie kila mgeni kilichomo, maana wapo ambao miili yao haivumilii kokwa za aina hii.

Zitandaze kwenye trei na uzioke kwa nyuzi 175 za Selsiasi kwa dakika 7 au 8, mpaka harufu ijae jikoni. Usiruke hatua hii ukidhani zitaiva ndani ya pai: zilizozama kwenye rojo hazipati joto kavu, hubaki laini. Zikipoa, chagua gramu 80 za nusu nzima nzuri, yaani nusu za pekani zisizovunjika, kwa ajili ya juu, na zilizobaki uzikatekate vipande vikubwa. Nusu nzima zikijaa ndani, kisu huzisukuma badala ya kuzikata na kipande hubomoka.

Shira

Shira ya mahindi, na hasa ile ya chapa ya Karo iliyoingia sokoni mwaka 1902, ndiyo iliyoifanya pai hii iwe kama tunavyoijua leo. Kabla yake wapishi walitumia shira ya miwa, na Louisiana wapo ambao hawajaiacha mpaka sasa. Kazi yake si utamu tu. Yeyote anayepika kaimati anajua kwamba shira isiyotiwa ndimu hurudi chenga chenga ukingoni mwa sufuria. Shira ya mahindi ina glukosi inayozuia jambo hilo, kwa hiyo rojo hubaki laini hata baada ya siku tatu.

Usipoipata, golden syrup inayouzwa kwenye supamaketi nyingi inafaa kwa kipimo kile kile, ila punguza sukari iwe gramu 170 kwani yenyewe ni tamu zaidi. Asali peke yake hufunika ladha ya pekani. Ukitaka kuitumia isizidi robo ya shira yote.

Au pika yako. Pima kwanza uzito wa sufuria tupu na uuandike. Tia sukari nyeupe gramu 270, maji mililita 150 na maji ya ndimu vijiko 2 vya chai. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha acha kukoroga kabisa na uchemshe kwa moto mdogo kwa dakika 20 hivi. Ikikimbilia kuwa nzito kabla ya muda huo, ongeza maji kidogo. Ndimu inahitaji muda kuivunja sukari. Pima tena sufuria: ukitoa uzito wake, shira ibaki gramu 330. Ikizidi endelea kuchemsha, ikipungua rudishia maji moto. Mizani haidanganyi hapa, jicho hudanganya, kwa sababu shira ya moto daima huonekana nyepesi.

Ganda

Kata siagi vipande vya sentimita moja, uviweke friza dakika 10. Changanya unga, chumvi na sukari kwenye bakuli pana, tia siagi, na usugue kwa ncha za vidole, si kwa viganja, maana viganja vina joto. Acha kusugua wakati sehemu kubwa inafanana na chenga za mkate lakini bado kuna vipande vya ukubwa wa mbaazi. Vipande hivyo vikiyeyuka ndani ya oveni huacha nafasi, na nafasi hizo ndizo zinazofanya ganda livunjike kwa matabaka. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa siagi hulainika mkononi ndani ya dakika mbili. Ukiona unga unaanza kung'aa, rudisha bakuli lote friji kwa robo saa. Njia nyingine ni kugandisha siagi nzima na kuiparua kwa kiparuzio moja kwa moja juu ya unga.

Nyunyiza maji kijiko kimoja kimoja huku ukichanganya kwa uma. Baada ya kijiko cha tatu, chukua konzi moja ufinye: likishikana bila kumomonyoka, maji yametosha. Kisha kusanya donge, ulibonyeze liwe bapa, ulifunge na uliweke friji saa moja.

Hapa mwenye mkono wa chapati ajizuie. Chapati hutaka kukandwa mpaka unga uvutike. Ganda la pai likikandwa hivyo husinyaa motoni, kingo hushuka na rojo humwagika. Donge likionekana na nyufa na mabaka ya siagi, liko sawa.

Siagi ni chaguo, si sheria. Wapishi wa zamani wa Kusini walitumia mafuta ya nguruwe, na baadaye mafuta magumu ya mboga. Kwa wasiokula nguruwe, changanya siagi gramu 75 na mafuta magumu ya mboga gramu 40. Ganda litakuwa laini zaidi, ladha itapungua kidogo.

Sukuma kwenye kibao kilichonyunyizwa unga, ukizungusha donge robo mzunguko kila baada ya misukumo miwili, mpaka upate duara la sentimita 33 lenye unene wa milimita 3. Lizungushe kwenye mti wa kusukumia, ulilaze juu ya sahani, kisha uinue kingo na kuziacha ziteremke zenyewe hadi kwenye pembe. Ukilivuta ili lifike, litarudi lilikotoka likipata moto. Punguza ziada ibaki sentimita 2 nje ya ukingo, ikunje kwa chini na uifinye kwa vidole uitakavyo. Weka akiba kipande cha unga chenye ukubwa wa kidole gumba. Sahani iingie friza dakika 20. Kama ni ya kioo, tumia friji na uiache dakika 40, kwa sababu kioo kilichotoka friza kikikutana na joto kali kinaweza kupasuka.

Washa oveni nyuzi 200. Tandika karatasi ya kuokea juu ya ganda na uijaze maharage makavu mpaka ukingoni. Maharage machache katikati hayashikilii kingo. Oka dakika 20, ondoa karatasi na maharage, rudisha kwa dakika 8 hadi 10 mpaka chini pawe pakavu na rangi ianze kugeuka. Maharage hayo hayapikiki tena, yahifadhi kwa pai nyingine.

Mapishi mengine ya pai hukuambia utoboe ganda kwa uma. Kwa pai hii usitoboe. Rojo likiwa bado jepesi hupenya kwenye vitundu, huungua chini ya ganda na kuligandisha na sahani, na kipande cha kwanza hutoka bila kitako. Kagua vizuri: ukiona ufa, uzibe kwa ule unga wa akiba ukiupaka kama lipu. Kisha tenga ute kidogo kutoka kwenye mayai ya rojo, upake ndani ya ganda lingali moto na urudishe oveni dakika moja. Ute huganda na kuwa kizuizi.

Rojo

Shusha oveni hadi nyuzi 175. Weka trei tupu kwenye rafu ya chini ipate moto.

Kwenye sufuria pasha shira, sukari, siagi na chumvi kwa moto mdogo mpaka sukari iyeyuke yote. Sukari ya kahawia ya Kenya na Tanzania huwa na chenga kubwa na kavu, tofauti na ile laini yenye unyevu ya Marekani, kwa hiyo ipe muda. Chovya kijiko na usugue mgongo wake kwa kidole (subiri kwanza kipoe): ukihisi mchanga, bado. Usiache ichemke, hutaki maji zaidi yatoke. Epua, acha ipoe mpaka kidole kiweze kukaa ndani bila taabu, dakika 15 au 20. Haraka ya hapa ndiyo huzaa vipande vyeupe vya yai ndani ya pai.

Piga mayai kwa uma hadi ute na kiini viwe kitu kimoja, bila kutafuta povu. Povu hupanda juu, huoka na kuwa kifuniko cha rangi ya udongo kinachoficha pekani. Mashine ya keki iache kabatini. Mimina shira vuguvugu kwenye mayai huku ukikoroga, tia vanila na bourbon kama ipo, kisha chuja yote kwa chujio la chai.

Tandaza pekani zilizokatwa ndani ya ganda, mimina rojo juu yake polepole, acha nusu sentimita kutoka ukingoni. Pekani zitaelea, maana ni nyepesi kuliko shira, hazihitaji kusukumwa. Panga nusu nzima juu, zibonyeze kidogo zilowe. Pekani iliyobaki kavu juu ya rojo ndiyo inayoungua kwanza.

Kuoka, na dakika kumi za mwisho

Weka sahani juu ya trei ya moto. Joto la kutoka chini hulishika ganda kabla rojo halijalilowesha. Muda wote ni dakika 50 hadi 60. Baada ya dakika 25 funika kwa karatasi ya foili bila kuibana, hasa kwenye oveni ndogo za mezani ambazo waya wa juu uko karibu na chakula.

Kuanzia dakika ya 45 anza kukagua. Shika ukingo wa trei kwa kitambaa uitikise kidogo, kama mtu anayeamsha mtoto. Rojo bichi litafanya wimbi linalotoka upande mmoja hadi mwingine: dakika 10 nyingine. Rojo lililoiva litakuwa limesimama na kuvimba kidogo pembeni kwa upana wa vidole vitatu, na katikati, duara la ukubwa wa kisosi, litatetemeka pamoja kama faluda. Toa wakati huo. Ukingoja mpaka katikati pasitetemeke, umechelewa, kwani joto lililomo litaendelea kuipika pai mezani kwa dakika nyingi.

Mwenye kipimajoto akichome sentimita 3 kutoka katikati: nyuzi 93. Ni joto kubwa kuliko la kastadi ya maziwa kwa sababu sukari nyingi huchelewesha yai kuganda. Kabla ya kukiamini, kijaribu kwenye maji yanayochemka. Pwani kisome 100. Nairobi, kwa mwinuko wake wa takriban mita 1,800, kisome kama 94. Kikisoma 100 Nairobi, kina kasoro.

Pai itatoka imevimba na itashuka ikipoa. Hilo ni la kawaida. Ikiwa imevimba kama kichuguu na kupasuka katikati, mayai yamezidi kuiva na ndani patakuwa na punje punje. Inalika, ila haitakuwa laini.

Kupoa na kukata

Acha juu ya wavu saa mbili, kisha friji saa mbili nyingine au usiku mzima. Shira ya moto ni maji. Inashika umbo inapopoa tu. Wengi wanaolalamika kwamba pai yao imetoka kama uji walioka sawasawa, wakaikata baada ya nusu saa. Ikiwa imepoa usiku kucha na bado inatiririka, basi haikuiva. Irudishe oveni nyuzi 165 ikiwa imefunikwa, dakika 15 hadi 20, ipoe tena. Haitakuwa nzuri kama ya kwanza lakini itakatika. Kitako kikiwa kimelowa, hakuna dawa ya baadaye. Mara ijayo ongeza dakika tano kwenye kuoka ganda tupu.

Kwa kuwa ina mayai, haifai kulala nje. Friji huitunza siku 3 hadi 4, friza mwezi mmoja ikiwa imefungwa vizuri. Iyeyushe ndani ya friji.

Itoe nje nusu saa kabla ya kula. Tumia kisu kirefu kilichochovywa maji moto na kufutwa, na ukifute tena baada ya kila mkato. Kipande cha kwanza ndicho kigumu kutoa: kata viwili kabla ya kuinua kimoja. Kusini huliwa na krimu iliyopigwa, na isitiwe sukari, au aiskrimu ya vanila. Kahawa chungu, ile ya buli la shaba isiyo na sukari, huifaa kuliko vyote viwili.